Somo la Lifti

Bibi aliingiza mguu mmoja ndani ya lifti, akautoa, akainama kutazama sakafu.

"Imesimama chini kidogo," alisema. "Vidole viwili hivi. Mtu atajikwaa."

"Usiogope, Bibi," Mkufunzi alimjibu, kwa sauti ya upole aliyoifanyia mazoezi bafuni. "Ni sanduku tu. Linapanda, linashuka."

Mkufunzi huyo namjua vizuri, maana ndiye ninayemnyoa ndevu kila asubuhi mbele ya kioo changu cha bafuni, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Alikuwa na tai moja, mkataba wa majaribio wa miezi mitatu, na kijitabu cha kurasa arobaini kiitwacho Maisha ya Mjini, alichokikariri chote. Mji wenyewe alikuwa ameuishi mwaka mmoja na nusu, tena kwenye chumba cha uani. Kazi yake ilikuwa kuwageuza wanakijiji kuwa watu wa mji bila kuwapeleka mbali. Jengo lao jipya la ghorofa sita lilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua mia tatu tu kutoka nyumba zao za zamani. Mtu aliweza kuhamia mjini asubuhi, akakumbuka sufuria aliyoisahau kijijini, akaifuata na kurudi kabla chai yake haijapoa.

Kaya zote zilikuwa zimehitimu na kutia saini, isipokuwa moja, ya Bibi. Mkurugenzi wa mradi huo alisema wazi: saini zote zikitimia kufikia Ijumaa, Mkufunzi anapata ajira ya kudumu, ikipungua hata moja, arudishe kijitabu na aende zake. Ijumaa yenyewe ndiyo hiyo, na Mkurugenzi alikuwa ghorofa ya sita akingoja na fomu.

Bibi alikuwa amemtoa jasho. Kila wiki Mkufunzi alivuka barabara, akaketi kibarazani kwake, na kila wiki jibu lilikuwa lile lile.

"Lifti nimeichoka, mjukuu wangu."

"Bibi, mtu huchoka na kitu alichokizoea," alimsahihisha, kisha akaandika kwenye daftari: Anaogopa. Mengine hakuuliza. Fomu ilitaka jina, umri na idadi ya kuku, naye akatosheka na hayo.

Hapa inabidi niseme jambo la aibu. Aliyekuwa akiogopa lifti ni Mkufunzi mwenyewe. Masomo yote aliyatoa akiwa nje ya mlango, akionyesha vitufe kwa fimbo. Wanafunzi wakishapanda, yeye alipita ngazi, akidai anatunza moyo wake, na akifika juu alihema kama mbwa aliyefukuza pikipiki. Siku hiyo hakuwa na pa kukwepea. Kijitabu kilisema, ukurasa wa thelathini na moja: mwanafunzi mwenye hofu asipandishwe peke yake.

Bibi alimtazama usoni.

"Haya, twende," alisema. "Nakuonea huruma wewe, si hilo sanduku lako."

Walipoingia, Bibi alikwenda moja kwa moja pembeni, akasimama karibu na vitufe, mgongo ukutani, mikono nyuma. Mkufunzi akatikisa kichwa kwa masikitiko. Ukurasa wa thelathini na mbili: mwoga hutafuta kona.

"Sasa Bibi, tutabonyeza sita. Sita ni ile yenye..."

Alikuwa ameshaibonyeza, wala hakuitazama. Mlango ukajifunga, lifti ikatikisika, na Mkufunzi akajikaza kisabuni mpaka ghorofa ya pili. Baada ya ya tatu, kabla ya ya nne, ikasitasita, ikasimama, na taa ikazimika.

Nitakuwa mkweli. Alisema "Mama!" Alisema mara tatu. Aliketi sakafuni na kung'ang'ania ncha ya mtandio wa Bibi. Aliiona ajira yake ya kudumu ikimuaga.

"Vuta pumzi kwa pua," sauti ilisema gizani. "Kisha hesabu. Huwa haizidi ishirini."

Alifika kumi na saba, taa ikawaka, lifti ikaanza kupanda tena.

"Umeoa?" Bibi alimuuliza, kama watu waliokutana sokoni.

"Bado."

"Basi ukioa, haya ya leo usimsimulie."

Mlango ulifunguka ghorofa ya sita. Mkurugenzi alikuwa amesimama mbele yao, fomu mkono mmoja, mhuri mkono mwingine. Akamwona Mkufunzi sakafuni, akakunja uso. Kisha akamwona Bibi. Mtu yule mkubwa, ambaye hata madiwani humsubiri nje, akafunga kifungo cha koti upesi upesi na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama Lifti."

"Marahaba. Umenenepa. Nilipokuwa nakupandisha pale halmashauri ya jiji ulikuwa tarishi, huna hata mkanda."

"Miaka thelathini na mbili ulitupandisha, mama. Siku unastaafu ulituaga ukasema unakwenda kuishi mahali pasipo na lifti."

"Nilikwenda," Bibi alisema. "Mmenifuata nayo."

Akaichukua fomu, akaisoma mpaka chini, akatia saini yake kwenye mstari wa mkufunzi. Mkurugenzi alikuwa tayari ameuinua mhuri. Bibi akainama, akaiweka fomu sakafuni pamoja na kalamu.

"Wewe weka yako hapo pa mwanafunzi, mjukuu wangu," alisema. "Umefaulu, ila kwa shida."