Foronya ya Bwana Harusi

Bi Shemsa alikuwa akitarizi jina la mchumba kwenye foronya, amefika herufi ya tatu, binti yake Latifa alipomshika mkono wenye sindano.

"Mama, basi. Siolewi. Mimi nawapenda wanawake wenzangu."

Mama akauchomoa mkono wake. Miaka mitano nyuma mwanawe Nasibu alimwambia anawapenda wanaume, naye akamfukuza siku ile ile.

"Kaka yako alisema amejua tangu utotoni. Wewe una miaka ishirini na nne, posa tumeshapokea, ndiyo unajua leo? Au mmeambukizana?"

"Yeye aliwatazama wavulana akajua. Mimi nilidhani wasichana wote tuko hivi. Mpaka rafiki yangu Mwanaisha alipoolewa, nikashindwa kula wiki nzima. Ndipo nikaanza kujiuliza."

"Astaghfirullah," mama alisema polepole.

"Nifunge mizigo na mimi?"

Bi Shemsa aliukata uzi kwa meno. Kisha akainuka, akavaa buibui, akasimama mlangoni mkono ukiwa kwenye komeo.

"Nasibu," aliuliza bila kugeuka, "anakaa mtaa gani siku hizi?"