Sala ya Kuvuka Mto

Siku hizi filamu ya kitabu ikitoka, mashabiki hupiga kura. Wakisema imekishinda kitabu, nakala zote hubadilika zifanane nayo, hata zilizo kabatini.

Jioni ya kura, binti yangu Skola alibishana sebuleni na rafiki yake Deusi.

"Katika kitabu, bibi anasali kurasa mbili kabla ya kuvuka mto," alisema Deusi. "Kwenye filamu wamemkata, wakaweka vita vya majoka. Hadithi gani hiyo?"

"Sala hiyo wewe uliiruka. Usijitie utakatifu leo."

Mimi nilijifunza kusoma kwa sala hiyo, darasa la jioni, nikiwa na miaka hamsini na miwili. Tangu hapo nasali kwa maneno yake.

"Skola mwanangu, mwachieni bibi sala yake."

"Mama, filamu umeitazama mara tatu."

Ni kweli.

Asubuhi nilifungua kitabu, nikakuta majoka. Sikulia. Nilichukua daftari langu la darasani niiandike sala kabla haijanitoka kichwani. "Ee Mungu wa maji haya, nishike mkono," niliandika, na kalamu ikaendelea bila kusita hadi chini ya ukurasa. Nilipoisoma, kuanzia mstari wa pili majoka walikuwa wanashuka mlimani.