Joka la Mama Hidaya

Siku hizi runinga inayajua macho yanayoitazama. Mchezo ukiwa na kibali cha mtu mmoja, mwingine akichungulia tu, kioo huzimika, maana kutazama bila kibali ni wizi. Kwa hiyo kila jioni mkewe akicheza, Kibwana hugeuza kiti chake kikaelekea ukutani, na Mama Hidaya humsimulia.

"Nimevuka mto, Baba Hidaya. Lile joka limeamka."

"Usilikabili uso kwa uso. Lizunguke."

"Nalizunguka. Loo, mkia wake unaangusha minazi."

Kibwana akawa haonekani tena barazani. Angeendaje, na joka bado lina vichwa vya kukatwa?

Sikukuu ya Idi, binti yao akamtumia baba yake zawadi: kibali cha kuutazama mchezo huo. Kibwana akageuza kiti, akakaa mkao wa kula. Kiooni aliona kijitu kimekwama mtaroni, kinagonga kichwa ukingoni. Hakukuwa na mto wala joka.

"Vidole vyangu vizito," mkewe alisema bila kumtazama. "Huo mtaro umenishinda tangu siku ya kwanza."

Kibwana akakirudisha kiti kikaelekea ukutani.

"Joka limebaki na vichwa vingapi?"

"Viwili. Kimoja kinatema moto."

Hapo runinga ikazimika, ikasema kwa upole: "Chumbani humu nasikia mchezo wa joka usio na kibali. Tafadhali acheni kucheza, maofisa wako njiani."

Mama Hidaya akasogeza kiti chake karibu na cha mumewe, akaendelea kwa kunong'ona.