Nishani ya Daraja

Saa nne kasorobo asubuhi, Bi Mashavu aliiweka nishani ya shaba mbele ya Bwana Haidari, mtambuzi wa nishani katika kiwanda cha sarafu cha taifa.

"Nilipewa mazishini. Ni kumbukumbu ya mwanangu Sefu, aliyekufa daraja lilipoanguka."

Haidari alitazama ukingo kwa lenzi. Kiwanda hugonga mwaka hapo.

"Mama, hii ilitengenezwa mwaka mmoja kabla ya ajali, kwa sherehe za kulifungua daraja. Zilibaki. Baada ya ajali wakachonga majina ya waliokufa nyuma."

"Yaani wamenipa makombo ya karamu yao?"

Haidari aliirudisha nishani mbele yake.

"Tupa ya kusugulia shaba unayo?"

"Ya nini, mama?"

"Futa jina la mwanangu. Daraja lao wabaki nalo."

Haidari aliibana nishani kwenye jiliwa, akaanza na herufi ya kwanza.