Pumzi ya Pili

Katika mtaa wetu wa bondeni, mafuriko yakija, boti ya uokoaji huanzia nyumba yenye pumzi nyingi. Kifaa cha ukutani huzihesabu. Anayeishi peke yake hufuatwa mwisho, maji yakiwa yameshafika kwenye bati.

Jana tulifanya zoezi. Boti ilinichukua mimi kabla ya jirani yangu Mzee Ndaro, naye hana mtu. Leo asubuhi balozi wetu, Chambuso, akabisha hodi.

"Bi Semeni, kifaa kinasema humu mnapumua wawili. Umeolewa kimyakimya?"

"Ungekosa pilau wewe?"

Hakucheka. Alitega sikio, kisha akaingia chumbani. Chini ya shuka, redio ndogo ilikuwa inakoroma. Ni mkoromo wa marehemu mume wangu, niliourekodi zamani ili ajue anavyoninyima usingizi. Alipofariki nikaufungulia nipate kulala tu. Kifaa kikamhesabu.

"Zima, mama. Mzee Ndaro hata ngazi hapandi."

"Basi mfuateni yeye kwanza. Nani kawakataza?"

"Sheria inahesabu pumzi."

"Sheria mliipitisha nyinyi wenye nyumba zilizojaa. Mikono iliyopinga ilikuwa miwili, wangu na wa Ndaro."

Akainama, akaizima mwenyewe. Nyumba ikanyamaza hadi nikasikia kifaa kikinipunguza: tik.

"Jumapili utaomba radhi mkutanoni, yaishe."

Nikaiwasha tena.

"Jumapili nitakuja," nikamwambia. "Radhi siombi."