Jina la Wifi

Daktari alisimama mbele yangu na chupa mbili ndogo za damu. "Mama, kuna shida kidogo hapa. Zote mbili zimeandikwa Munira Abdirahman."

Nilikaza mkono kwenye mtandio wangu, uliokuwa mapajani. Kichwa kilikuwa wazi, na upara ulioanzia kwenye paji la uso ulikuwa umepakwa dawa ya ganzi. Damu yangu ilikuwa imezungushwa kwenye mashine hadi maji ya manjano yakajitenga juu. Hayo ndiyo angenidunga kichwani ili nywele ziote tena.

Lakini mimi si Munira. Munira ni wifi yangu. Pale mapokezi niliogopa kuandika jina langu, maana Eldoret hii tunajuana sana, nikaandika lake. Nani angemshuku? Kwenye harusi zetu, wanawake tukibaki peke yetu na kuvua mitandio, nywele za Munira ndizo husifiwa.

Upande wa pili wa pazia mtu alikohoa. Kikohozi hicho mimi hukisikia kila asubuhi jikoni kwetu.

"Siwezi kukudunga damu ya mtu mwingine," daktari alisema. "Niambie jina lako la kitambulisho. Na useme kwa sauti, hiyo jenereta inapiga kelele."

Nilitazama pazia. Vidole vyenye hina vilikuwa vimeshika ukingo wake kwa ndani, vikilivuta kwa nguvu lisifunguke.