Pimbi na Kuta za Manyasi

Baridi ya mlimani ilipoanza, Pimbi alitaka nyumba yake ishinde zote kwa joto. Jirani yake Fuko akamshauri, "Kutani tandaza manyasi unene wa kiganja, yanatosha."

"Labda kwako wewe," Pimbi akacheka. "Mimi nataka mara kumi!"

Akashindilia manyasi kutwa nzima, kila ukuta ukizidi kunenepa kwa ndani. Mvua ya mawe ilipoanza kunyesha, akakimbilia ndani. Kichwa kikaingia, mabega yakakwama, makalio yakabaki nje yakitwangwa.

"Nivute, jirani!"

"Nikushike wapi, nawe mkia huna?" Fuko akauliza. "Kwani ndani hakuna joto?"

Pimbi akaapa kwamba joto lilikuwa tele. Ni makalio tu yaliyokataa kuamini.